Dakika Kumi na Tano

Upepo wa Punta Arenas haujui foleni.
Unatangulia mbele ya abiria, unagusa kila paji la uso
kabla sijalifikia mimi na kipimajoto changu,
na kipimajoto kinasema: thelathini na mbili.
Thelathini na moja nukta tano.
Kwa mujibu wa kifaa hiki, asubuhi ya leo
nimepokea maiti mia mbili na arobaini
wenye miwani ya jua na kamera shingoni.

Ndiyo maana kuna banda.
Kaeni, nawaambia, dakika kumi na tano,
mpaka miili yenu iwafikie.
Wanakaa kwenye viti vya plastiki kama wanafunzi waliochelewa.
Mmoja anauliza iwapo pengwini nao hupimwa.

Fomu ni ndefu. Umekohoa? Umeharisha? Umelala karibu na mgonjwa?
Bibi Hendrikje Terpstra amejaza yake na ya mumewe,
mwandiko mmoja,
zile *hapana* zote zimelalia upande mmoja
kama miti ya huku kwetu.
Mume anatazama viatu.
Anameza kikohozi kama mtu amezaye mbegu ya chungwa,
na dakika ya tisa mbegu inamshinda.
"Pilipili ya jana," bibi anasema, haraka,
akimshika goti.
Wino umeganda. Naupulizia, ndipo naandika.

Simu inatetemeka mfukoni: dada yangu, Nolfa.
*Wangapi wamepita?*
Ana kofia themanini za sufi mezani pale uwanjani,
kazifuma tangu Juni, miguu ndani ya blanketi.
Mimi nahesabu homa, yeye anahesabu vichwa,
na vichwa ni vile vile.
*Subiri,* namjibu. Neno la kipuuzi
kumwandikia mtu aliyesimama kwenye upepo ule.

Wa mwisho hana kamera.
Rodelio Magbanua, dobi, sitaha ya chini kabisa,
vidole vyake vimechubuliwa na klorini.
Vyumba kumi na saba vya wagonjwa vilifungwa milango;
shuka zake hazikufungwa,
zilishuka kwake usiku, gunia baada ya gunia.

Dakika ya kwanza: thelathini na tatu.
"Sawa, dada?"
Bado.
Ya tano: thelathini na sita.
Ya kumi: thelathini na saba nukta sita.
Anafungua zipu ya koti. "Joto la mashine," anasema,
"kule chini sote tunachemka."

Kikomo ni thelathini na nane.
Ningeweza kusema, inatosha, pita.
Daktari alikuwa nje anavuta sigara. Saa ya ukutani ni yangu,
naijaza betri mimi.

Nilikaa. Tukaisikiliza hita ya gesi ikikoroma.

Thelathini na nane nukta nne.

Mficha maradhi, husemwa, kilio humuumbua.
Lakini huyu hakuficha maradhi.
Alikuwa akificha mshahara,
na mshahara hauna nukta, ukikatwa umekatwa.

Hakubisha. Aliuliza tu
kama naweza kuandika kwamba alifanya kazi mpaka leo.
"Mpaka leo asubuhi," akasahihisha.
Fomu haina mstari wa jambo hilo.
Niliandika pembeni, wima, kwa herufi kubwa,
nikapiga muhuri juu yake mara mbili.

Saa kumi meli ikaamriwa irudi katikati ya mlangobahari
na watu wake wote, wazima na wasio wazima,
na Bibi Terpstra akiwa bado amelishika lile goti.

Nolfa alikuwa akikunja kofia, moja moja, bila kunitazama.
Nilinunua moja, ya kijivu. Alinipa chenji kamili.
Nikaipeleka kwa mashua ya rubani, jina limebandikwa kwa plasta.

Najua. Kichwa chenye homa hakihitaji kofia.
Niliituma.